Saa ya Kuondoka: Shajara ya Mradi wa Ukocha kwa Madaktari

Siku tatu kabla ya kuanza

Naandika haya kabla sijakaa na daktari hata mmoja, nisije baadaye nikajisadikisha kwamba nilijua tangu mwanzo. Madaktari 12 wa hospitali moja wamejiandikisha kwa hiari. Tuna miezi minne. Kila mmoja atapata vikao sita vya faragha, na katikati yake tutakutana wote kuzungumzia namna wanavyosemezana kazini. Kwenye makubaliano na uongozi malengo yameandikwa mawili, kila moja na ukurasa wake: uwiano wa kazi na maisha ukurasa wa tatu, mawasiliano kazini ukurasa wa nne.

Idadi ya vikao ina asili yake. Mwaka 2019 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha jaribio dogo lililofanywa na Mayo Clinic, Marekani. Madaktari 88 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata vikao sita vya ukocha, jumla yake saa tatu na nusu tu, kundi la pili likasubiri. Mwishoni, uchovu wa hisia ulikuwa umepungua kwa waliopata vikao na umeongezeka kidogo kwa waliosubiri. Lakini kipimo kingine, kile cha kumwona mgonjwa kama kitu na si mtu, hakikuonyesha tofauti ya kutegemewa kati ya makundi hayo. Hilo nimelipigia mstari. Kazi hii ina mpaka, na nataka niingie nikiujua.

Ukocha si tiba, wala si ushauri nasaha. Sitibu sonona na sigawi majibu. Nauliza mpaka mtu asikie jibu analolitoa mwenyewe, halafu namshika kwenye neno lake. Nimekwisha kuandika jina la mtaalamu wa afya ya akili nitakayempelekea mtu pale ninapofikia mwisho wa uwezo wangu, na nimeandika kwamba akigusia kujidhuru, ni siku hiyo hiyo.

Wiki ya 1

Vikao vyote 12 vya kwanza vimefanyika. Watu hawa wanaueleza mwili wa mtu mwingine kwa ufasaha wa kushangaza, lakini ukiwauliza "Na wewe, hali yako?" wanakujibu kwa ratiba: zamu ngapi, wagonjwa wangapi, zamu ngapi za usiku mfululizo.

Daktari wa watoto aliketi, akatabasamu, akasema, "Si unajua, mganga hajigangi." Aliisema methali ile kama mtu anayesoma kanuni. Nikamsomea sentensi iliyoongezwa mwaka 2017 kwenye Azimio la Geneva, kiapo kilichopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948. Inasema daktari ataiangalia afya yake mwenyewe, ustawi wake na uwezo wake, ili aweze kutoa huduma ya kiwango cha juu kabisa. Hakuwa ameisikia. Akaniomba nirudie, nikarudia. "Miaka 69," akasema taratibu, "ndipo wakatukumbuka." Hakusema zaidi, na mimi sikumsukuma.

Mpasuaji alitaka kujua jambo moja tu. "Hii hali ina jina? Ni ugonjwa au si ugonjwa?" Nikamweleza. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliandika kuhusu wahudumu wa kliniki ya bure ambao moyo wa kazi ulikuwa ukiwazimika mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa dodoso lenye vipengele 22 linalopima mambo matatu: kukaukiwa hisia, kuwaona unaowahudumia kama vitu, na kuhisi kwamba kazi yako haizai chochote. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, limeutaja uchovu huo sugu, burnout kwa Kiingereza, kuwa jambo la kazini na si ugonjwa. Chanzo chake ni msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa.

Alikaa kimya kitambo. "Kwa hiyo anayeumwa ni kazi," akasema.

Maneno hayo nimeyaandika kwenye jalada la daftari langu.

Wiki ya 2

Nimewapa kila mmoja kadi ya kujaza kwa siku kumi. Ina safu tatu. Ya kwanza, saa ambayo zamu inaisha kwa mujibu wa ratiba. Ya pili, saa ambayo miguu imetoka hospitalini. Ya tatu, saa ambayo kichwa kimetoka. Hii ya tatu iliwasumbua. Daktari wa usingizi, yule anayewalaza wagonjwa wakati wa upasuaji, aliniuliza ataijuaje. Nikamwambia: ni pale utakapogundua kwamba kwa muda mrefu kidogo hukumfikiria mgonjwa yeyote.

Wiki ya 3

Kadi zimerudi na nimezitandaza mezani. Nilitarajia pengo kati ya safu ya kwanza na ya pili, na lipo. Sababu yake haina siri: maandishi. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2016 uliowafuatilia madaktari kazini ulikuta kwamba kwa kila saa moja wanayokaa na wagonjwa, karibu saa mbili huishia kwenye kompyuta ya kumbukumbu na kazi za mezani, na bado wengine huendelea kuandika wakiwa nyumbani. Wangu nao ni hivyo hivyo. Wagonjwa wamekwisha kuonwa, mafaili hayajafungwa, na mtu hawezi kuondoka.

Lililonishtua ni pengo la pili, kati ya miguu na kichwa. Kadi ya daktari wa magonjwa ya ndani kwa siku moja inasomeka hivi: zamu imeisha saa kumi jioni, ametoka saa moja usiku, kichwa kimetoka saa sita na nusu usiku. Pembeni ameandika kwa mwandiko mdogo: "Nimepiga simu wodini mara tatu." Nikaanza kutafuta maandishi kama hayo kwenye kadi za wengine. Yamejaa. Mmoja alitaka kujua kama majibu ya potasiamu ya mzee fulani yamerudi. Mwingine aliuliza kama mtoto amekojoa. Mwingine hakupiga, alilala na swali lake mpaka alfajiri, akawahi kazini saa nzima kabla ya wakati.

Nilifanya kosa wiki hii na naliandika kama lilivyo. Daktari mmoja aliniuliza afanye nini, nami, kwa kuchoka au kwa kutaka kumfariji, nikamjibu badala ya kumuuliza. Nilimwambia azime simu saa mbili baada ya zamu. Alijaribu usiku mmoja. Aliporudi kwangu alisema, "Umenizimia simu, kichwa hukunizimia." Alikuwa na haki ya kukasirika. Nikamuuliza basi kile kichwa kilikuwa wapi usiku ule. Kilikuwa kitanda cha saba. Kwa nini cha saba na si cha nane? "Kwa sababu wa nane nina hakika mwenzangu amenielewa."

Tulikaa tukitazamana. Nadhani wote wawili tulikisikia alichokisema.

Wiki ya 4

Daktari mmoja amejitoa. Alinitumia ujumbe mfupi wenye adabu: "Sihitaji kocha. Nahitaji daktari mwingine kwenye zamu yangu." Nimemjibu kwamba nakubaliana naye, na nimemwomba ruhusa ya kuipeleka sentensi hiyo kwa uongozi bila jina lake. Ameniruhusu.

Tumebaki 11.

Wiki ya 5

Nimepata kibali cha kusimama pembeni wakati wa kukabidhiana zamu, jioni nne mfululizo, bila kuandika jina wala habari za mgonjwa yeyote. Nitaeleza jioni moja tu kwa sababu zote zilifanana.

Wanakabidhiana koridoni, wamesimama. Anayeondoka ana mkoba begani, anayeingia hajamaliza kuvaa koti. Simu ya wodi inalia mara mbili. Muuguzi anakuja na fomu ya kutia saini, anaondoka, anarudi. Ndugu wa mgonjwa anauliza daktari ni yupi. Katikati ya hayo yote maisha ya watu yanapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa sentensi nusunusu: "Huyu damu imetumwa. Huyu anasubiri picha. Wa saba yuko sawa, mwangalie tu." Kisha wanaagana.

Mwangalie tu. Kwa jioni nne nimelisikia neno hilo mara nyingi kuliko neno lingine lolote, na nimeondoka nalo. Kwenye vikao vya faragha nilimuuliza aliyelitoa alimaanisha nini. Alimaanisha: hesabu pumzi zake kila saa, zikizidi kuwa za haraka mpe oksijeni, na usipoona nafuu mpigie daktari wa usingizi usingoje asubuhi. Nilipomuuliza aliyelipokea alielewa nini, alisema: nipite kwake mara moja kabla ya usiku wa manane. Hakuna aliyezembea kati yao. Neno moja lilitoka likiwa limebeba maagizo matatu likafika halina kitu. Yule aliyeondoka, bila kujua kwa nini, nafsi yake ilijua kwamba mzigo haukupokewa. Ndiyo maana alipiga simu mara tatu.

Ukurasa wa tatu na ukurasa wa nne wa makubaliano yetu ni ukurasa mmoja. Nimemwandikia msimamizi wa mradi hivyo leo usiku. Daktari anashindwa kufika kwake kwa sababu maneno yake hayakufika kwa mwenzake. Nimekuwa nikiwauliza watu hawa kuhusu mipaka na mapumziko, kumbe kinachowashikilia wodini ni mazungumzo ya dakika sita yaliyofanyika vibaya.

Kwenye kikao cha pamoja nililileta suala hilo bila kumtaja mtu, na nikawaeleza utaratibu wa kukabidhiana uitwao I-PASS. Ulijaribiwa katika hospitali tisa kwa madaktari wa watoto waliokuwa mafunzoni, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine: makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Muda wa kumkabidhi mgonjwa mmoja kwa mdomo haukuongezeka kwa kiasi cha maana, uliendelea kuwa kama dakika mbili na nusu. Una hatua tano: sema hali yake ni nzito kiasi gani, toa muhtasari, taja ya kufanywa, taja linaloweza kutokea na la kufanya likitokea, kisha anayepokea arudie kwa maneno yake.

Hatua nne za kwanza zilipita bila shida. Ya tano ilizua ubishi wa karibu nusu saa. Daktari bingwa mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alisema kumwambia mwenzake arudie ni kumfanya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kijana wa idara ya dharura akamjibu kwa upole: "Dokta, mimi ndiye ninayeombwa kurudia, na mimi ndiye ninayetaka. Nikikosea naomba nikosee ukiwa bado hapa." Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. Sikuwa na la kuongeza.

Neno "mwangalie tu" wamelipiga marufuku wenyewe. Sikuwaomba.

Wiki ya 6

Vikao vitatu vimeahirishwa kwa dharura. Nimevihamishia alfajiri, kabla ya raundi. Ratiba ya kocha ndiyo inayopaswa kupinda hapa.

Wiki ya 7

Wiki hii ni ya simu za usiku. Mpasuaji na daktari aliye mafunzoni, kila mmoja kwa wakati wake, wameniletea malalamiko yaleyale kutoka pande mbili. Kijana anasema akimpigia bosi wake usiku anakaripiwa, kwa hiyo siku hizi anangoja mpaka awe na hakika kabisa, na hakika hiyo mara nyingine inakuja kwa kuchelewa. Mpasuaji anasema anaamshwa saa nane usiku na kusimuliwa hadithi ndefu asiyoijua inaelekea wapi.

Waliporidhia wote wawili, nikawaweka chumba kimoja. Nikamwomba kijana arudie simu yake ya mwisho kama alivyoipiga. Ilianza hivi: "Samahani sana Dokta kwa usumbufu, najua ni usiku, sijui hata kama ni jambo kubwa, ila kuna yule mgonjwa wa jana, yule uliyemwona asubuhi, sasa muuguzi ameniita…" Dakika nzima ikapita kabla ya presha kutajwa. Mpasuaji hakukaripia. Alisema kwa sauti ya chini, na nadhani kijana alikuwa hajawahi kumsikia akiongea hivyo: "Ninapoamka, kitu cha kwanza nataka kujua ni kimoja. Nivae viatu au nisivae?"

Upo mpangilio unaojulikana kwa herufi SBAR, uliotoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani na kuingizwa hospitalini kupitia Kaiser Permanente, mtandao wa huduma za afya wa nchi hiyo. Nawafundisha hivi: hali ilivyo sasa, historia kwa ufupi, tathmini yako, ombi lako. Mpasuaji alipendekeza ombi lisogezwe mbele, angalau kwa zamu yake, na tukaujaribu papo hapo: "Dokta, naomba uje. Mgonjwa wa hernia wa jana, presha imeshuka, tumbo limekaza, nadhani anavuja damu ndani." Sekunde kumi. Heshima yote imo, na viatu vinavaliwa.

Lakini mpangilio wa maneno peke yake haumtoi mtu woga. Kwa hiyo nilimuuliza mpasuaji yeye atatoa nini. Alifikiri muda mrefu. Ameahidi mambo mawili: kusema "asante kwa kunipigia" kabla ya neno lingine lolote, hata kama simu haikuwa ya lazima, na kama kuna la kusahihisha, kulisema kesho yake wakiwa wawili, si kwenye simu.

Nimeona mikono ya yule kijana ikiacha kucheza na kalamu.

Wiki ya 8

Naandika hili kwa ruhusa ya mhusika, na nimeyaondoa yote yanayoweza kumtambulisha.

Alikuja kikao cha nne akasema hana ajenda. Tukakaa. Baadaye sana akaanza kusimulia kosa la miaka kadhaa nyuma: dozi, mgonjwa, siku aliyofariki. Uchunguzi ulifanyika na ukafungwa. Aliambiwa arudi kazini, akarudi siku iliyofuata. Hakuna aliyemuuliza tena, na yeye hakumwambia mtu, hata nyumbani kwake. Huko aliwaambia amechoka tu.

Mwaka 2000 Albert Wu, daktari wa Marekani, aliandika kwamba kosa la kitabibu lina mwathirika wa kwanza, ambaye ni mgonjwa na jamaa zake, na lina mwathirika wa pili, mhudumu aliyelitenda. Najua jina hilo lina wapinzani, hasa familia za wagonjwa waliodhurika, na nawaelewa. Lakini mtu aliyekuwa mbele yangu amebeba maiti peke yake kwa miaka mingi, na kila zamu anamkagua kila mgonjwa mara mbili, mara tatu, hawezi kuondoka. Sasa nimeelewa kwa nini kadi yake ilikuwa na safu ya tatu tupu kwa siku zote kumi. Nilidhani amepuuza kuijaza.

Hapa ndipo ukocha unapoishia. Nilimwambia hivyo waziwazi, nikampigia mtaalamu akiwa bado ameketi, na nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Vikao vyake nami vimesimama kwa sasa. Hilo si kushindwa kwake wala kwa mradi.

Wiki ya 9

Daktari wa watoto amekuja na habari ya nyumbani. Binti yake wa miaka kumi alikuwa akimsimulia ugomvi wa shuleni, yeye akamkatiza na ushauri. Mtoto akamwambia, "Mama, unanisikiliza kama mgonjwa." Aliumia. Hakuumizwa na ukali wa maneno, aliumizwa na ukweli wake.

Nikamwambia kuhusu utafiti wa Howard Beckman na Richard Frankel wa mwaka 1984. Walisikiliza kanda za mahojiano 74 ya daktari na mgonjwa, wakakuta kwamba mgonjwa alikuwa akikatwa kauli baada ya sekunde 18 kwa wastani, na ni wachache sana waliopewa nafasi ya kumaliza walichokuja nacho. Aliamua mwenyewe zoezi lake: kila jioni, mtoto aongee mpaka anyamaze mwenyewe, halafu mama ahesabu mpaka tatu kimoyomoyo ndipo ajibu.

Wiki moja baadaye zoezi lilikuwa limehamia kliniki bila yeye kupanga. Alikuta wazazi wengi wanamaliza maelezo yao kwa muda mfupi kuliko alivyohofia, na kwamba lile swali la mlangoni, "Dokta, kuna kitu kingine," linamjia kwa nadra. Nilipofunga mlango nilikaa peke yangu dakika kadhaa. Nilikuwa nikisubiri maisha yafaidike na kazi. Hapa kazi ilikuwa imejifunza kutoka kwa mtoto wa miaka kumi.

Wiki ya 10

Kikao na uongozi. Nilikuwa nakiogopa na kilikuwa kigumu, lakini cha haki.

Waliomba kuona alama za uchovu za kila daktari. Nimekataa. Makubaliano yanasema siri ni siri, na siku daktari wa kwanza atakapohisi jina lake limefika mezani kwa mwajiri, mradi umekufa.

Wakaleta wasiwasi wa pili: katika wodi iliyoanza utaratibu mpya wa kukabidhiana, taarifa za makosa na makosa ponea, yaani yale yaliyonaswa kabla ya kumdhuru mgonjwa, zimeongezeka. Je, tumeharibu? Nikawasimulia habari za Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1990 alichunguza timu za wauguzi akitarajia kukuta kwamba timu bora hukosea kidogo. Alikuta timu zenye uongozi bora ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yaliyomkaa ni kwamba huko watu hawakuogopa kusema. Sikuwaahidi kwamba ndivyo ilivyo hapa. Niliwaomba wasome taarifa zenyewe moja moja kabla ya kuzihesabu. Mganga mkuu alizisoma pale pale. Nyingi zilikuwa za makosa yaliyonaswa wakati wa kurudia maneno.

Kisha nikasoma ile sentensi ya wiki ya 4. Chumba kilinyamaza. Sikuacha ipite. Niliwaeleza kwamba New York iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka 1989, miaka mitano baada ya kifo cha msichana wa miaka 18, Libby Zion, aliyekuwa akihudumiwa na madaktari walio mafunzoni wenye zamu ndefu. Kwamba kikomo hicho kilienea Marekani nzima mwaka 2003. Kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ni saa 48 kwa wastani na mapumziko ya saa 11 mfululizo kila siku. Nikawaambia pia kuhusu jaribio la Drew Dawson na Kathryn Reid la mwaka 1997: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya mtihani wa kuratibu jicho na mkono kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Ukocha haumpi mtu usingizi. Nikitumiwa kumfundisha daktari kuvumilia zamu isiyovumilika, nitakuwa nimeuongeza ugonjwa wa ile kazi mpasuaji aliyoitaja.

Matokeo: daktari wa ziada, hapana, bajeti haipo mwaka huu. Lakini wamekubali zamu zipishane kwa nusu saa katika wodi moja, anayeondoka na anayeingia wote wakihesabiwa wako kazini, simu ya wodi ikiwa mkononi mwa mtu wa tatu. Nilitaka zaidi. Nimeipokea.

Wiki ya 13

Tumejaza kadi tena, siku kumi. Si jaribio la kisayansi: watu ni wachache, walijiandikisha wenyewe, na hakuna kundi la kulinganisha. Naandika nilichokiona.

Pengo la kwanza, la maandishi, limebaki palepale kwa karibu kila mtu. Hatukuligusa na halikujigusa. Pengo la pili limepungua waziwazi kwa walio katika wodi ya nusu saa, kidogo kwa wengine. Kadi ya mpasuaji haijabadilika hata kidogo, lakini kijana wake sasa anapiga simu mapema, na mpasuaji anasema hilo linamtosha kwa sasa. Daktari wa usingizi ameamua kupunguza zamu zake na kipato chake. Alilifikiria kwa vikao vitatu na ni uamuzi wake. Yule wa wiki ya 8 bado anamwona mtaalamu. Aliponikuta koridoni aliniambia ameanza kuzungumza nyumbani.

Yule aliyejitoa ameomba kuona utaratibu wa kukabidhiana. Nimempa karatasi moja, bila hotuba.

Wiki ya 16

Nusu saa ya kupishana zamu inaingia wodi ya pili mwezi ujao. Suala la maandishi ndilo nitakalopendekeza liwe mradi unaofuata, likiongozwa na madaktari wenyewe pamoja na watu wa kompyuta. Kazi hiyo si ya kocha.

Jana jioni nilisimama mahali pale pale pa wiki ya 5. Daktari wa watoto alikuwa akiondoka. Wameketi, simu iko kwa mwingine. Alipomaliza mtoto wa mwisho alisema, "Haya, nirudishie." Mwenzake akarudia. Alikosea jambo moja, saa ya dozi inayofuata. Akasahihishwa, akarudia tena, safari hii sawasawa. Daktari akachukua mkoba, akanipungia mkono, akashuka ngazi.

Leo asubuhi nimepitia kadi yake. Safu ya kwanza imejazwa, ya pili imejazwa. Ya tatu iko wazi. Moyo ulinienda mbio, nikamkumbuka yule mwingine, nikamfuata kliniki kumuuliza.

"Nilisahau kuijaza," akasema. Kisha akatulia, kalamu mkononi, akijaribu kukumbuka ilikuwa saa ngapi.